Kijana Anapochaguliwa: Mpira, Kipaji na Karatasi ya Kutia Sahihi

Mazungumzo ya redio kwa madarasa ya kisomo cha watu wazima, Songea

Mwalimu wa darasa, tafadhali hakikisha kila mwanakisomo ana karatasi ya somo hili mbele yake. Anayeweza kusoma afuate kwa kidole. Asiyeweza bado asikilize, maana tutarudia maneno magumu mwishoni.

Juma lililopita tulisoma stakabadhi ya kuuza mahindi. Tuliona mahali pa jina, mahali pa kilo, mahali pa bei na mahali pa sahihi. Leo tutazungumza juu ya karatasi ya namna nyingine. Hii haihusu gunia la mahindi. Inahusu mtoto wako.

Hebu fikirini Uwanja wa Majimaji, wakati wa michezo ya shule. Watoto wa shule za msingi wana mashindano yao, UMITASHUMTA. Wale wa sekondari wana yao, UMISSETA. Watu wamejaa, vumbi linatimka, akina mama wanapiga vigelegele. Pembeni ameketi mtu mmoja. Hashangilii. Ana daftari na kalamu. Kijana mmoja akipiga chenga nzuri, yule mtu anaandika. Kijana akianguka, anaangalia atainukaje, kisha anaandika tena.

Mtu huyo ni nani? Ni mtafuta wachezaji. Siku hizi wengi humwita skauti. Kazi yake ni kutembea viwanjani na kuangalia vijana ambao bado hawajajulikana. Wengi wa watu hawa ni waaminifu. Lakini wako pia wanaovaa vazi hilo hilo, nao ni wezi. Somo la leo litatusaidia kuwatambua.

Kwanza twende mbali kidogo, tuone wenzetu wanavyofanya. Nchini Marekani kuna mchezo unaoitwa besiboli. Mchezaji mmoja hurusha mpira mdogo mgumu, wenye uzito wa kiasi cha gramu 145. Mwingine husimama umbali wa meta 18 hivi, ameshika rungu la mti. Akiupiga mpira vizuri, hutupa rungu na kukimbia kuzunguka vituo vinne. Akirudi salama mahali alipoanzia, timu yake hupata pointi moja. Kila upande una wachezaji 9 uwanjani.

Vijana wengi wa Marekani hucheza mchezo huu shuleni na katika vyuo vikuu. Kila mwaka, mwezi wa Julai, timu za ligi kuu hukutana kuchagua vijana bora. Mkutano huo huitwa drafti. Msiichanganye na drafti ya kete tunayocheza barazani. Hii ni uteuzi wa zamu.

Kwa nini zamu? Zamani timu yenye fedha nyingi iliweza kuwachukua vijana wote wazuri, na timu maskini ikabaki na makombo. Basi mwaka 1965 ligi ya besiboli ilianza utaratibu mpya. Timu zilizo dhaifu huchagua mapema, na zenye nguvu hungoja nyuma. Siku hizi zile timu dhaifu hupigiwa kura kwanza, ili isiwepo timu inayoshindwa makusudi kwa kutaka nafasi ya mbele.

Timu zipo 30. Mizunguko ya kuchagua ni 20. Haya, wanakisomo, chukueni kalamu. 30 mara 20 ni ngapi? Ni 600. Basi vijana kama 600 na zaidi kidogo huchaguliwa kila mwaka. Kijana aliye chuo kikuu aghalabu hungoja mpaka amalize mwaka wa tatu, au atimize miaka 21. Ndiyo maana, kabla ya Julai, watafuta wachezaji huzunguka vyuoni na madaftari yao.

Je, wanaandika nini? Kwa mchezaji wa besiboli wanaangalia mambo matano. La kwanza, je, anaupiga mpira mara nyingi, au hukosa? La pili, anaupiga kwa nguvu kiasi gani? La tatu, ana mbio? La nne, mkono wake hurusha mbali na kwa shabaha? La tano, anadaka vizuri? Kila jambo hupewa alama kuanzia 20 hadi 80. Alama 50 ni ya mchezaji wa kawaida wa ligi kuu. Mrushaji wa mpira hupimwa mwendo wa mpira wake kwa chombo maalumu, na wazuri huzidi kilometa 145 kwa saa.

Lakini mtafuta wachezaji mwenye busara haishii hapo. Huuliza pia: Kijana huyu akikosea, hukasirika au hujifunza? Huwahi mazoezini? Anasikia la mwalimu? Maana nguvu za mwili huonekana kwa macho, bali tabia huonekana kwa siku nyingi.

Sasa sikilizeni vizuri. Hata wataalamu hawa, pamoja na vyombo vyao vyote, hukosea mara nyingi. Nitawapa mifano miwili.

Mfano wa kwanza ni kijana Albert Pujols. Alizaliwa katika Jamhuri ya Dominika, akahamia Marekani, akacheza besiboli katika chuo kidogo. Mwaka 1999 timu zilichagua, zikachagua, naye akangoja. Alichaguliwa katika mzunguko wa 13, akawa mtu wa 402. Wangapi walitajwa kabla yake? 401. Lakini Pujols alikuja kuwa mmoja wa wapigaji wakubwa wa mchezo huo. Alipostaafu mwaka 2022, alikuwa amepiga mara 703 ule mpira unaovuka uzio wa uwanja.

Mfano wa pili ni wa nyumbani. Ni Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, aliyezaliwa mwaka 1987. Yeye hakucheza besiboli, alicheza mpira wa kikapu. Urefu wake ni zaidi ya meta 2 na sentimeta 20. Akisimama mlangoni kwako, kichwa chake huwezi kukiona. Alianza kucheza mpira wa kikapu akiwa kijana wa miaka kama 15, akaenda Marekani kusoma, akaingia Chuo Kikuu cha Connecticut. Pale alisifiwa kwa kuzuia mipira ya wapinzani.

Mwaka 2009 siku ya uteuzi ikafika. Katika Marekani nzima na nchi nyingine, jina lake likatajwa la 2. Hakuna Mtanzania mwingine aliyewahi kuingia ligi ile kabla yake. Tulifurahi sana, na tulikuwa na haki ya kufurahi.

Lakini kazi haikuwa nyepesi. Mwezi wa Februari mwaka 2010 timu yake ilimpeleka kwa muda katika ligi ya chini ili apate mazoezi. Baadaye alihamishwa timu moja hadi nyingine, na msimu wake wa mwisho katika ligi ile ulikwisha mwaka 2014. Baada ya hapo aliendelea kucheza katika nchi nyingine, kama Japani na Taiwan. Na yule aliyetajwa wa 7 siku ile ile ya mwaka 2009, Stephen Curry, akawa mmoja wa wachezaji wakubwa wa dunia.

Je, tumcheke Thabeet? Hata kidogo. Alifika mahali ambapo hakuna mwenzetu aliyefika. Nimemtaja kwa sababu moja tu. Kuchaguliwa ni mlango. Kupita mlangoni si kumaliza safari. Basi mzazi akiambiwa, “Mtoto wako amechaguliwa, uza shamba,” ajue kwamba hata aliyetajwa wa 2 katika dunia hakuwa na hakika ya kesho.

Mwalimu, simamisha kidogo hapa. Waulize wanakisomo: Nani alichaguliwa mapema? Nani alichaguliwa nyuma? Nani alifika mbali zaidi? Haya, tuendelee.

Pengine mtauliza, “Je, mchezo huo wa besiboli unatuhusu sisi?” Unatuhusu, hata kama si sana. Hapa Tanzania besiboli imekuwa ikifundishwa katika baadhi ya shule za sekondari tangu miaka ya 2010, kwa msaada wa Wajapani, na Dar es Salaam upo uwanja wake katika Shule ya Sekondari Azania. Majirani zetu wa Uganda wametutangulia. Mwaka 2012 watoto wa Lugazi walikuwa timu ya kwanza ya Afrika kucheza Marekani katika mashindano ya dunia ya watoto. Mwaka 2022 warushaji wawili wa Uganda, Umar Male na Ben Serunkuma, walitia sahihi na timu ya Los Angeles Dodgers.

Yupo pia Dennis Kasumba, mdakaji wa Uganda. Alikuwa akifanya mazoezi kwa matairi ya gari na vifaa vya kuokoteza, watu wakampiga picha, picha zikaenea duniani. Mwaka 2023 alipata kwenda Marekani kucheza katika ligi ya vijana wanaongoja uteuzi.

Lakini shikeni jambo hili. Ule uteuzi wa zamu ni wa vijana wanaosoma Marekani na Kanada na sehemu chache nyingine. Kijana anayeishi Afrika hachaguliwi kwa zamu. Yeye huchukuliwa kwa mapatano, timu na kijana, na sheria yao inaruhusu hata kijana wa miaka 16. Maana yake ni nini? Maana yake hakuna mkutano wa hadhara, hakuna jina linalotangazwa. Ipo meza, ipo kalamu, na ipo karatasi. Na katika mpira wa miguu, ambao ndio mchezo wetu, mambo ni hayo hayo.

Sasa nitawasimulia habari niliyoishuhudia mimi mwenyewe. Katika kijiji kimoja si mbali na Songea alikuwapo mama mmoja mjane. Kijana wake alikuwa golikipa hodari. Siku moja akaja mtu amevaa vizuri, ana simu mbili, akasema, “Mama, hongera. Mwanao amechaguliwa kwenda kufanya majaribio Dar es Salaam, na kutoka hapo ataruka Ulaya. Lakini kuna gharama za fomu, viza na daktari.” Mama akauza magunia ya mahindi aliyoyaweka kwa ajili ya miezi ya njaa. Akatoa fedha. Yule mtu akatoa karatasi, akasema, “Weka dole gumba hapa, mama, ni utaratibu tu.” Mama akaweka.

Kijana alirudi baada ya siku 9. Alikuwa amelala kituo cha basi. Uwanja wa majaribio hakuuona, na yule mtu hakumwona tena. Mama akaichukua ile karatasi, akaifunga katika kanga, akaiweka sandukuni.

Mwaka uliofuata alijiunga na darasa la kisomo. Alikuwa mzito mwanzoni, lakini hakukosa hata siku moja. Siku moja akaleta ile karatasi darasani. Hakutaka kusomewa. Akasoma mwenyewe, neno kwa neno, na jasho likimtoka. Iliandikwa kwamba yeye, mama wa kijana, ametoa fedha kwa hiari yake, kama zawadi, na kwamba hatazidai siku yoyote. Jina la timu halikuwamo. Jina la yule mtu halikuwamo. Palikuwa na dole gumba moja tu, lake.

Alipomaliza, alinyamaza kitambo. Kisha akasema, “Kumbe niliweka dole juu ya maneno haya.” Akamwomba mwalimu amwonyeshe namna ya kuandika jina lake. Tangu siku ile hakuweka dole tena.

Ndugu zangu, wahenga walisema, chema chajiuza, kibaya chajitembeza. Timu inayomtaka kijana kwa kweli ndiyo inayotoa nauli. Mtu anayekuja kumsifu mtoto wako kisha akakunyoshea mkono apewe fedha, huyo hamtafuti mchezaji. Anakutafuta wewe.

Basi likitokea jambo hili nyumbani kwako, usiseme ndiyo siku ile ile. Sema, “Karibu chai, karatasi niachie niisome.” Mtu mwaminifu atakuachia. Akikataa, umeshapata jibu. Kisha kaa na karatasi, uitafutie majibu ya maswali haya matano.

Swali la kwanza: Ni timu gani, na iko wapi? Jina kamili liwemo. Nenda kaulize kwa mwalimu wa michezo, kwa ofisa michezo wa wilaya, au kwa chama cha mpira cha mkoa, kama timu hiyo inajulikana.

Swali la pili: Nani analipa? Nauli, chakula, malazi na daktari. Kila kitu kiandikwe.

Swali la tatu: Shule itakuwaje? Mtoto akiacha shule, na mpira ukamwacha, atashika nini? Angalieni wale vijana wa Marekani. Wengi huchaguliwa wakiwa chuoni, na wengi wa wanaochaguliwa hawafiki ligi kuu. Lakini aliyesoma hurudi na elimu yake.

Swali la nne: Akiumia je? Goti likivunjika, nani atamtibu, na nani atamrudisha nyumbani?

Swali la tano: Ni kwa muda gani, na nakala yangu iko wapi? Karatasi iseme miaka mingapi. Nayo iwe nakala mbili, moja yao, moja yako. Karatasi isiyo na nakala kwako si mapatano.

Kuna jambo la umri pia. Kijana ambaye hajatimiza miaka 18 hawezi kujifungia mkataba peke yake, mzazi au mlezi lazima awepo. Na katika mpira wa miguu, chama cha dunia, FIFA, kinakataza mchezaji wa chini ya miaka 18 kuhamishwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, isipokuwa kwa sababu chache maalumu. Basi mtu akikuambia kwamba mwanao wa miaka 15 ataruka kesho kujiunga na timu ya Ulaya, sheria yenyewe inakushauri uwe na shaka.

Na mtu akikuambia, “Tupunguze miaka ya kijana ili apendeze,” mkatalie. Cheti cha kuzaliwa ni ukweli wa serikali. Kijana akikamatwa kwa uongo wa umri hufungiwa, na yule aliyemshauri hatakuwapo.

Sasa neno kwa viongozi wa vilabu vidogo vya mitaani na vijijini, maana najua wengine wenu mmo madarasani. Kanuni za FIFA zinasema kwamba klabu iliyomfundisha kijana, kuanzia mwaka anaotimiza miaka 12 hadi 21, inaweza kulipwa fidia ya mafunzo anapokwenda kuwa mchezaji wa kulipwa. Lakini klabu iwe imesajiliwa, na kijana awe ameandikishwa. Klabu isiyo na daftari itathibitishaje? Mali bila daftari hupotea bila habari. Andikeni jina la kijana, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyojiunga na siku aliyoondoka. Kazi hiyo ni ya dakika 5, na inaweza kuwapatia mipira na viatu vya miaka mingi.

Msifikiri nawakataza ndoto. Mji wetu unajua utamu wa ushindi. Klabu ya Majimaji, iliyobeba jina la vita vya babu zetu vya mwaka 1905 hadi 1907, ilitwaa ubingwa wa Ligi ya Muungano mwaka 1985, mwaka 1986, na tena mwaka 1998. Timu za Dar es Salaam zilisafiri huku kusini kwa woga.

Na mtazameni Mbwana Samatta, kijana wa Mbagala. Hakuruka ngazi. Alicheza hapa nchini, mwaka 2011 akaenda TP Mazembe ya Lubumbashi, mwaka 2016 akaenda Genk ya Ubelgiji, na mwaka 2020 akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika Ligi Kuu ya Uingereza, katika timu ya Aston Villa. Hesabuni. Kutoka 2011 mpaka 2020 ni miaka 9. Hatua kwa hatua, na kila hatua ina karatasi yake.

Basi, ndugu wasikilizaji, yule mtu mwenye daftari pale uwanjani anajua kusoma na kuandika. Anaandika habari za mwanao. Ni haki yako nawe kusoma anachoandika, kabla ya kutia sahihi yako chini yake.

MANENO YA KUJIFUNZA. Mwalimu ayaandike ubaoni, darasa liyasome kwa sauti: kipaji, mkataba, sahihi, nakala, hiari, fidia, mlezi.

MASWALI YA KUZUNGUMZA
1. Kwa nini timu dhaifu huruhusiwa kuchagua mapema?
2. Yule mama alikosa kuona mambo gani katika karatasi yake?
3. Mtu akikuambia, “Hakuna nafasi ya kusoma, tia sahihi upesi,” utamjibuje?
4. Je, klabu ya kijijini kwenu ina daftari la wachezaji? Nani analitunza?

KAZI YA NYUMBANI. Kila mwanakisomo aandike jina la kijana mmoja wa nyumbani kwake, tarehe yake ya kuzaliwa, na jambo moja analoliweza vizuri, liwe mpira, mbio, lizombe au hesabu. Kisha atie sahihi yake chini. Asiyeweza bado aandike herufi ya kwanza ya jina lake.

Juma lijalo, saa hii hii, tutasoma barua kutoka benki. Mpaka hapo, nawatakia kazi njema mashambani na masomo mema. Kwaherini.